Mguu Usioaga

Mmeniuliza kwenye kundi la simu la timu yetu mpaka nimeona haya kuendelea kunyamaza. Ngongoti umekwenda wapi? Ngongoti umeoa? Ngongoti umefungwa? Mmoja wenu, simtaji kwa kuwa anajijua, ameandika kwamba nimepata timu Uarabuni na nimewaficha nisije nikawagawia. Hapana. Nilikuwa kwenye mabasi. Wiki nzima nimekalia siti zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wenye miguu ya kuku, na sasa niko kwetu Pande, wilaya ya Kilwa, naandika huku goti langu la kulia nimeliweka juu ya kigoda kama mgeni wa heshima. Nitawaeleza kwa kufuata njia. Habari za tiketi na mihuri nazipita, hazina utamu.

Kwanza lazima mjue nilikuwa nakimbilia nini, maana bila hicho mtasema nimepungukiwa.

Mjomba wangu, Mzee Mfaume, ndiye aliyenilea. Mama yangu alikuwa dada yake, akafariki mimi sijaanza shule. Kwetu mjomba si jamaa wa kuja siku ya sikukuu tu. Mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Ana shamba la mikorosho hapa Pande, na nilipofika miaka kumi na tisa, kocha mmoja wa Dar aliniona kwenye mashindano ya kikapu ya shule mjini Lindi, akaniambia nimfuate. Ulikuwa msimu wa kuokota korosho, siku ambazo kwetu hata kuku ana kazi. Nilijua nikimuuliza mjomba atakataa, kwa hiyo sikumuuliza. Niliondoka alfajiri na lori la ufuta bila kumuaga mtu yeyote.

Wiki ya pili yake mjomba akanitumia neno kwa msafiri: "Mwambieni Bakari, mguu usioaga haufiki." Nikasikia pia kwamba ameukata ule mlingoti nilioupigilia ringi ya pipa nyuma ya nyumba, mahali nilipojifunzia kutupa mpira.

Nimetembea na maneno hayo miaka kumi na tano. Timu saba, nchi tano, mnazijua. Fainali tatu, zote tumefungwa, moja kwa pointi moja, na mliokuwepo mnajua ni nani aliyekosa mitupo miwili ya mwisho. Goti lilipasuliwa Kampala, na tangu hapo likivimba tu naisikia sauti ya mjomba. Sisemi kwamba alinilaani. Nasema niliisikia sauti yake, na iliniuma kuliko goti lenyewe. Nilituma vitenge, nikatuma dawa ya mikorosho. Vilipokelewa, lakini jibu halikuja.

Sasa Jumanne ile kabla sijatoweka, saa chache baada ya kocha wetu kuniita ofisini kwake (la ofisini nitalisema mahali pake), mke wa mjomba, Bi Zuhura, akanipigia simu. "Mjomba wako anakwenda Hija. Anaondoka hapa Jumatatu alfajiri. Wiki yote hii yuko barazani, watu wanakuja wanaombana radhi. Wewe je?"

Wasiojua waelewe. Anayekwenda Hija hasafiri na kinyongo. Anawaita watu, anawaomba wamsamehe, naye anawasamehe, kwa sababu huenda asirudi. Nikaona mlango huu ukifungwa nikiwa nje, basi tena. Nikamwambia Bi Zuhura nakuja, ila asimwambie mjomba, kwa sababu nilihofu akisikia atasema nisije. Akaapa hatasema. Kumuomba radhi kwa simu sikufikiria. Radhi unaiendea kwa miguu yako, unakaa chini, mnatazamana. Nilikuwa na siku tano. Asubuhi ya Jumatano, ninyi mkiwa mazoezini, nilifunga begi nikaondoka.

Kigali mpaka Rusumo

Mtu wa urefu wangu ana siti moja tu kwenye basi, ile ya katikati kabisa mstari wa nyuma, ambako miguu inanyooka kwenye njia. Nilimbembeleza kondakta akanipa, kisha njia nzima akawa ananikanyaga na kuniomba samahani kwa Kinyarwanda.

Mpakani ofisa wa upande wetu aliitazama pasipoti, akanitazama mimi kuanzia chini, akafika juu baada ya muda. "Kazi?"

"Mchezaji wa mpira wa kikapu."

Akachungulia goti langu lililofungwa bandeji, akatazama tena mwaka wangu wa kuzaliwa. "Mpaka sasa?"

Nikalifunika goti kwa begi. Aligonga muhuri, nikaondoka nikiwa na hasira naye, na hasira hiyo ilinifikisha Kahama. Pale nililala kwenye kitanda ambacho visigino vyangu vilikuwa kwenye chumba cha jirani.

Kahama mpaka Manyoni

Goti liliamka limevimba. Nilizunguka stendi nzima nikitafuta barafu ya kuweka juu yake, sikupata. Kilichokuwepo ni zile barafu za ubuyu zinazouzwa kwenye vifuko vya nailoni. Nikanunua kumi, nikazifunga kuzunguka goti kwa kitambaa, nikapanda basi la Dar nikajiona nina akili sana.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, mnene, mcheshi, jina lake Mama Shija. Tulipita Nzega vizuri. Kabla ya Igunga vifuko vikaanza kupasuka. Ubuyu, kama mjuavyo, ni mwekundu. Ulishuka kwenye goti, ukafuata muundi, ukaingia kwenye kiatu, ukatiririka sakafuni kuelekea mbele. Mama Shija alisinzia, akafumbua macho, akapiga ukelele uliosimamisha basi.

"Dereva! Abiria anakufa huku!"

Watu walisimama kwenye siti. Kondakta alikuja na sanduku la dawa ambalo ndani yake mlikuwa na chaja ya simu na mswaki. Nilijitahidi kueleza kuwa ni ubuyu, lakini mtu anayesema damu yake ni ubuyu haaminiwi haraka. Ilibidi nilambe kidole mbele ya abiria wote. Ndipo wakacheka, na kicheko kile kilitushikilia pale karibu nusu saa, kwa kuwa waliokaa mbele nao walitaka kusimuliwa.

Baada ya hapo Mama Shija akanifanya mtoto wake. Singida alininunulia kuku wa kienyeji, akanisimamia mpaka nikamaliza shingo. Nikamweleza safari yangu inahusu nini.

"Sasa umembebea nini huyo mjomba?"

"Sijabeba kitu."

"Unakwenda kumuomba mtu mzima radhi mikono mitupu, na umeshiba kuku?" Akainama chini ya siti, akafungua mzigo wake, akanipimia mchele kwenye mfuko wa kitambaa, akaufunga mafundo mawili. "Huu ni wa shambani kwangu. Ale kabla hajasafiri, aniombee na mimi huko."

Manyoni mkanda wa injini ulikatika. Fundi alisema dakika ishirini. Tuliondoka siku ya pili. Nisiwachoshe na Manyoni, ila mjue ina vumbi, ina watu wema, na ina jogoo mmoja asiyejua saa.

Mbagala

Tulifika Dar Ijumaa jioni badala ya Alhamisi. Nilikwenda moja kwa moja Mbagala, yanakoondokea mabasi ya kusini, nikachukua chumba. Kutoka hapo hadi Temeke si mbali. Temeke ndiko alikokuwa akikaa Bi Mwajuma, aliyenipangisha chumba miaka yangu ya kwanza ya mpira, akanilisha siku ambazo timu ilinisahau. Adabu ilitaka niende nikampe shikamoo. Nikasema goti linauma, nitampitia nikirudi. Nikalala. Hilo mliweke akilini.

Somanga

Jumamosi tulivuka Rufiji salama, watu wakaanza kunong'ona habari za njaa na samaki wa Somanga. Kabla ya kufika tukakuta foleni. Mvua za masika zilikuwa zimebomoa barabara kwenye kijito, gari haliwezi kupita, mafundi wanajaza kifusi. Mabasi ya kutoka Dar yalisimama upande huu, ya kutoka Lindi na Mtwara yalisimama upande ule, na abiria walivuka kwa miguu juu ya mbao ili wabadilishane mabasi. Mstari mmoja unakwenda, mwingine unakuja, mnagusana mabega, na chini maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja na godoro. Alilinunua Dar kumpelekea binti yake aliyejifungua Nangurukuru, na alikuwa amelikumbatia huku analia. Wabebaji walikuwa wametaja bei ya kuliuza godoro lenyewe. Nikamwambia, "Lete, mama." Nikalikunja, nikajitwisha kichwani. Likaniteremkia mpaka kidevuni, mbele nikawa naona viatu vya watu tu. Goti lilikuwa linalalamika kila ubao.

Katikati ya kivuko nikasikia sauti ya mzee kutoka mstari wa wanaokuja. "Mpisheni huyo mwenye godoro, mguu wake mbovu. Pita, baba, Mungu akulipe."

"Ahsante, mzee," nikasema ndani ya godoro, nikapita.

Upande wa pili yule mama alinibariki mimi, uzazi wangu, na godoro. Akaninunulia changu wa kukaanga na muhogo, tukala tumesimama. Basi lililotupokea lilitufikisha Nangurukuru jua linazama, na gari la kwenda mbele hakuna. Nilikuwa nimebakiwa na siku moja, na nilifurahi. Nilihesabu kuwa kesho, Jumapili, saa nne asubuhi nitakuwa nimekaa mbele ya mjomba. Nilifanya mazoezi ya maneno. Nikayapanga, nikayapangua.

Kiranjeranje mpaka Pande

Asubuhi nilishuka Kiranjeranje, nikachukua bodaboda. Dereva aliniambia mtu wa urefu wangu anakula petroli zaidi kwa sababu ya upepo. Sikubishana naye. Njia ya Pande nilikuwa sijaiona miaka kumi na tano, na kila mkorosho uliokuwa mdogo ulikuwa umenipita kwa unene.

Barazani kulikuwa na mikeka imetandikwa vizuri, na hakuna mtu juu yake. Bi Zuhura alitoka ndani na ungo, akaniona, akauacha ungo ukaanguka.

"Bakari! Umepita wapi wewe?"

"Shikamoo, mama. Mjomba yuko ndani?"

"Marahaba. Mjomba wako kaondoka jana."

Niliketi chini palepale. "Ulisema Jumatatu."

"Ilikuwa Jumatatu. Juzi baada ya Ijumaa akaniita chumbani. Akasema, watu wote nimewaomba radhi, kabaki mmoja, na yule ndiye niliyemtolea neno. Nakwenda mapema, nikamtafute kabla sijakutana na wenzangu. Nikamuuliza, mkubwa anakwenda kwa mdogo? Akasema, mwenye kosa ndiye anayekwenda. Akaniapisha nisimwambie mtu, ataona haya."

"Na wewe hukumwambia mimi nakuja?"

"Nitamwambiaje? Wewe uliniapisha nisimwambie yeye, yeye kaniapisha nisikwambie wewe. Viapo viwili, mdomo mmoja. Nikasema Bakari lazima apitie Dar, na huyu anakwenda Dar. Mungu atawakutanisha hukohuko."

"Dar kubwa, mama! Kaenda wapi?"

"Temeke. Kwa yule mama aliyekupangisha. Nimemwambia mara ngapi kuwa umeshahama, uko nchi za watu? Kwake yeye timu ni timu, na timu iko Temeke."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya kidogo kidogo vyote viwili. Mjomba hana simu, ya nyumba hiyo anaishika Bi Zuhura. Namba ya Bi Mwajuma niliipoteza nchi mbili zilizopita. Tulichojua ni kwamba mahujaji wenzake wanakusanyika Jumanne mchana kwenye msikiti mmoja huko huko Dar, na jioni wanapanda ndege.

Nilimtolea Bi Zuhura ule mchele, akakataa kuupokea. "Umeambiwa ni wa nani? Basi mpelekee mwenyewe." Akaenda kunitekea maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa pembeni ya mlango, na chini yake, ukiikalia usianguke, niliiona ringi yangu ya pipa. Ina kutu, imekaa sawasawa na duara la mtungi.

"Alikata mlingoti," Bi Zuhura akasema alipoona natazama. "Ringi hakuitupa. Kila nikitaka kuihamisha ananigombeza."

Somanga mara ya pili

Siku hiyo ya Jumapili mabasi ya Dar yalikuwa yameshapita Kiranjeranje, na gari la kutoka Pande halikuwepo mpaka alfajiri ya kesho yake. Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa Somanga tena, na safari hii hata watu hawakupita. Lori lililobeba kifusi cha kujengea lilikuwa limepinduka kwenye mbao na kulala juu yake. Tulikaa kutoka saa tatu mpaka saa nane mchana.

Sikula samaki. Sikutania mtu. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa uwanjani. Uwanjani nikikosa kuna mechi ya Jumamosi ijayo. Nilimwona mjomba akipanda ndege na neno lake kifuani, na mimi nikibaki na langu, tukizeeka nayo au tukifa nayo. Nilikwenda kusukuma lori pamoja na wanaume wengine. Fundi akaniambia, "Wewe mrefu, kaa upande wa juu," na nilikaa, na goti likalia kama mlango mkavu, na lori likatoka.

Temeke

Nilifika Temeke jioni, jua halijazama. Bi Mwajuma yupo vilevile, kapungua kidogo, sauti haijapungua. Hakusubiri hata salamu iishe.

"Marahaba, na aibu ikushike! Mgeni wako yuko hapa tangu Jumamosi usiku. Sasa hivi yuko uwanjani."

"Uwanjani wapi?"

"Uwanja una wapi ngapi? Wa kwenu huo huo. Jana na leo, baada ya alasiri, yuko huko anauliza warefu."

Nilikwenda nikichechemea kama mbuzi aliyekanyaga mwiba. Uwanja ni uleule, sakafu ya saruji, nyasi kwenye nyufa. Vijana walikuwa wanacheza watano kwa watano. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki walichomletea, alikaa mjomba wangu Mfaume na kanzu yake, koti juu, bakora katikati ya magoti. Amekuwa mdogo. Nilimkumbuka mtu mkubwa.

Nilisimama mbele yake. Maneno yote niliyoyapanga Nangurukuru yaliniacha.

"Shikamoo, mjomba."

Alininyanyulia macho, akanitazama mpaka nikadhani hakunitambua. Kisha akagonga saruji kwa bakora.

"Marahaba. Kaa hapa pembeni, unanizibia."

Nilikaa chini kwenye saruji. Tukatazama mchezo. Nadhani ilikuwa dakika tano. Mara akanyoosha bakora.

"Yule wa bukta nyekundu kaiba. Katembea na mpira hajaudundisha."

"Ndiyo, mjomba. Nani kakufundisha?"

"Vijana hawa. Leo siku ya pili niko hapa." Akaishusha bakora. "Kumbe mnahesabu. Miaka yote nilidhani mnatupa tu."

Nikaona nisipoanza sitaanza tena. "Mjomba, nimekuja—"

"Ngoja. Mkubwa kwanza."

"Lakini mwenye kosa ni mimi. Niliondoka sikukuaga, na korosho ziko chini."

"Uliondoka, kweli. Hilo kosa la mtoto. Mimi nilitoa neno juu ya mguu wa mtoto wa dada yangu, nikiwa mtu mzima, nimetawadha. Kila nikisikia unaumwa goti, nilikuwa siwezi kula." Akainama kutoka kwenye kiti, akaweka kiganja chake juu ya goti langu. Kilikuwa cha moto na kikavu. Akasoma kimyakimya, akapuliza. "Neno langu nimelirudisha. Mimi radhi nawe, Bakari. Wewe je, radhi nami?"

"Radhi, mjomba. Niwie radhi na mimi."

"Nimekuwia siku nyingi. Nilikosa mtu wa kumwambia."

Nililia. Sitawaficha, mtu wa mita mbili amekaa chini uwanjani analia, na mpira ukasimama, na yule wa bukta nyekundu akaja kuuliza, "Oya, braza, mzee kazidiwa?" Mjomba akamwambia hajazidiwa mtu, warudi mchezoni, na yeye aache kutembea na mpira.

Bi Mwajuma alipika mchele wa Mama Shija kwa nazi, na nikamweleza mjomba umetoka wapi na kwamba mwenyewe anataka dua. Akasema ataibeba. Tulipokuwa tunakula ndipo akauliza nilipita njia gani, nikamsimulia Somanga, mbao, na godoro. Mkono wake ukasimama na tonge.

"Godoro la maua mekundu?"

"La maua mekundu."

"Mimi nilisema upishwe!" Akaliweka tonge chini. "Siku nzima ile nilikuwa namsimamisha kila mrefu njiani nimtazame uso. Pale nikamwona mmoja mrefu, mguu mbovu, moyo ukanipiga. Kisha nikasema hapana, yule kabeba mzigo wa mtu. Bakari hajawahi kubeba mzigo wa mtu."

Bi Mwajuma alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka, ila nilijua mzee hakukosea. Msimu ule wa korosho, magunia yangu aliyabeba nani?

Kesho yake nilimsindikiza msikitini. Wenzake wameshakusanyika, mabegi ya rangi moja, wake na watoto wanalia na kucheka. Mjomba akanishika mkono.

"Nitakaporudi, maua ya mikorosho yatakuwa yameanza. Dawa ya salfa iko stoo. Nilikuwa natafuta mtu wa kupulizia. Wewe timu yako inakutaka lini?"

Hapo ndipo mahali pa lile jambo la ofisini. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. "Timu imeniacha, mjomba. Kocha alinieleza Jumanne iliyopita. Goti halitoshi tena. Hii ya saba ndiyo ya mwisho."

Alinitazama. Hakusema pole.

"Basi umefika," akasema, akaingia ndani na wenzake.

Pande tena

Niko hapa sasa. Alfajiri, majani yakiwa bado na umande, nafunga kitambaa puani, najitwika mashine mgongoni, napulizia mikorosho. Urefu umepata kazi: matawi ya juu wengine wanapandia ngazi, mimi nanyoosha mkono. Bi Zuhura anasema nakula kama watu wawili na nafanya kazi kama mtu mmoja na nusu. Ringi iko chini ya mtungi. Nilifikiri kuipigilia tena kwenye mlingoti, kisha nikaona mtungi utakaa wapi. Nimeiacha.

Mjomba bado hajarudi. Alipiga simu mara moja kwa simu ya mwenzake, akauliza habari za mikorosho, za goti, na kama yule wa bukta nyekundu amejirekebisha.

Sasa, wenzangu. Kocha hakuwaambia kwa sababu nilimwomba aniachie niwaambie mwenyewe. Halafu nikafunga begi mkiwa mazoezini, nikapita nyuma ya uwanja, nikasikia mpira unadunda na sauti zenu, na sikugeuka. Nilijiambia nina haraka. Haraka ilikuwepo, lakini si hiyo iliyonipitisha nyuma. Niliona haya. Nina miaka thelathini na minne, na nimewafanyia ninyi kosa lilelile nililomfanyia mjomba nikiwa na kumi na tisa.

Msiniandikie hapa kwamba mmenisamehe, wala msitume zile picha za mikono. Nimeshasema radhi haiombwi kwa simu. Mjomba akirudi na mikorosho ikitulia, nakuja Kigali. Nitakuja saa ya mazoezi, nitapita mlango wa mbele, nitakaa chini katikati ya uwanja mpaka mnikusanyikie, niwaage mmoja mmoja kwa jina. Ila itabidi mningoje kidogo, kwa sababu kabla ya kupanda basi nina mzee mmoja hapa wa kumuaga kwanza.